Mimi Mshiriki Namba 58, Niliyeponywa kwa Unga

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Dawa za Mimea.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO YA KUPONYWA KWA UNGA

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote wanaovaa makoti meupe hapo kwako. Mimi ni kinyozi mwenye kiti kimoja na kioo kimoja, na nilikuwa Mshiriki Namba 58 katika utafiti wenu wa kapsuli za majani kwa watu wenye mafua makali. Nilikuja kwenu nikiwa hoi, pua imeziba na viungo vyote vinauma. Nikapewa kichupa cha kapsuli za kijani, nikameza moja asubuhi na moja jioni, na siku ya saba nikaamka mzima kabisa. Hapo sina neno. Neno langu linaanzia Jumanne iliyopita, mlipotuita ukumbini kutusomea matokeo. Muuguzi wenu aliniambia kwa upole kwamba mimi nilikuwa Kundi la Pili. Nikamuuliza Kundi la Pili ndio nini. Akasema ndio waliopewa unga.

Mheshimiwa, nimekaa na jambo hili siku nne na sasa naliandika.

1. Mlinidhalilisha. Najua mtasema nilisaini fomu ya ridhaa. Nilisaini, tena kurasa zote sita, kwa mwandiko mzuri. Lakini ni nani anayesoma fomu huku pua inatiririka? Muuguzi anadai alinieleza kwamba baadhi yetu tutapewa kapsuli zisizo na dawa, ili ijulikane kama ni majani yanayoponya au ni mafua yanayoisha yenyewe. Ni kweli nakumbuka alisema baadhi. Nilijua anawasema wengine. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, hawezi kudhani kwamba yeye ndiye baadhi.

2. Nilishatoa ushuhuda. Hapa naomba uielewe kazi yangu. Mtu akikaa kwenye kiti changu, kitambaa kimefungwa shingoni na wembe uko nyuma ya sikio, hana pa kwenda, na kwa kawaida habishi. Kwa miezi mitatu kila kichwa kilichopita mikononi mwangu kimesikia habari za majani yenu. Nilijifunza neno antioksidanti hadi likawa linatoka lenyewe. Niliwaeleza wateja kwamba ndani ya jani mna viini vinavyoukinga mwili usichakae, kwamba virusi vikikutana na viini hivyo vinanyoosha mikono, na kwamba mimi niliyesimama nyuma yao ndiye mfano hai. Walitikisa vichwa kwa kuafiki, ikabidi niwasihi watulie.

Sasa habari imevuja. Wananiita Bwana Unga. Jana mteja aliniuliza kama namnyoa kweli au naye nimemweka Kundi la Pili.

3. Kuhusu kile kisahani. Siku ya kwanza daktari wenu alituonyesha picha ukutani: kisahani cha kioo chenye virusi, kikatiwa maji ya majani, virusi vikapungua. Mimi nilipiga makofi. Jumanne nilipomkumbusha, akajibu kwamba mwili wa mtu si kisahani, kwamba hata sabuni inaua virusi kisahanini na hakuna anayeimeza, na ndiyo maana wanafanya utafiti. Basi mngetuonyesha mtu. Na kama dawa inafanya kazi kisahanini peke yake, naomba kituo kifikirie namna ya kuwatibia wagonjwa humo humo.

4. Mdogo wangu. Huyu ni fundi redio, na mwaka wa sita sasa anaishi na virusi vya homa ya ini. Hospitali walimpa kidonge kimoja cha kila siku wakamwambia asikiache mpaka wao waseme. Amekichoka. Aliposikia ushuhuda wangu alikuja nyumbani, akanitazama usoni, akaniuliza: kaka, ni kweli majani ndiyo yaliyokuponya? Nikamwambia ni kweli tupu. Sufuria ya kwanza nilimchemshia mimi mwenyewe, kwa majani ya aina ileile yanayoota nyuma ya kibanda changu. Ameacha vidonge wiki ya saba hii, na anayemuuliza anamjibu kwamba kaka yake hajawahi kumdanganya.

Unaona mlichonifanyia. Huyu nimemlea mimi tangu baba yetu afariki. Sasa nikamwambie kwamba ushuhuda wangu ulikuwa wa unga? Tangu Jumanne nimefika kwenye mlango wa kibanda chake mara mbili. Mara ya kwanza niligeuka nikarudi. Mara ya pili aliniona, nikasingizia nimekuja kuazima bisibisi. Bisibisi ninayo hapa mezani na sina kazi nayo.

5. Mke wangu hanisaidii. Anasema mafua yangu yangeisha siku ya saba hata ningelamba ukuta, kwani mwaka jana yaliisha siku ya saba na mwaka juzi vilevile. Anasema niende kwa shemeji yake leo hii, nimwambie. Naomba mumwandikie aache kuingilia mambo ya kisayansi.

Kwa sababu hizo naomba mojawapo ya haya. Mnihamishie Kundi la Kwanza. Ni kufuta namba moja na kuandika nyingine, na mimi sitamwambia mtu. Ikishindikana, mtangaze rasmi kwamba unga nao ni tiba, maana ushahidi ni mimi. Hilo nalo likiwa zito, mniambukize mafua upya, mnipe majani yenyewe, nipone tena, ili yale niliyoyasema miezi mitatu yote yawe ya kweli. Niko tayari hata kesho. Kiti nitakifunga.

Nisalimie muuguzi, ambaye sina ugomvi naye sana, na daktari wa kisahani, na mlinzi wa getini aliyenipa leso yake siku ile. Wasalimie pia washiriki wote wa Kundi la Pili popote walipo, uwaambie nawaelewa.

Nabaki mshiriki wenu mtiifu, ingawa nimekasirika,

Kinyozi, Namba 58.

Tanbihi: Nilikuwa sijaifunga bahasha mke wa mdogo wangu alipokuja kuniita. Macho ya mdogo wangu yamekuwa ya njano na hawezi kula. Nimemwambia yote palepale, kwamba nilimeza unga na kwamba nimelijua hilo tangu Jumanne. Hakunigombeza. Aliniomba nimsaidie kuvaa viatu. Haya nayaandikia gotini, kwenye benchi la hospitali. Daktari wa hapa amesema vile vidonge hakutakiwa kuviacha hata siku moja, akauliza ni nani aliyemshauri. Mdogo wangu akasema hakumbuki. Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafute, na namba yangu iacheni ilipo. Ila nina ombi moja. Wateja wanne waliwahi kuniuliza majani hayo yanachemshwa vipi. Watatu nimeshawapigia simu. Wa nne simjui jina, najua kichwa chake tu: ana kovu kisogoni, upande wa kushoto. Akifika kwenu, mwambieni kinyozi alikosea.