Kizungu cha Njambi, Mlango Umefungwa

Jumatatu, 3 Machi 1958
Jumapili Mwalimu Wilkister anachagua mtoto wa kujaza nafasi ya mwisho ya darasa la watoto wadogo kanisani. Mtoto atasimama mbele, aulizwe jina, ajibu. Njambi wangu ana miaka minne na hasemi. Anaonyesha kwa kidole tu. Jirani yangu Nduku, ambaye mwanawe Muthoka alichaguliwa zamani, aliniambia bombani mbele ya wanawake wote wa kambi ya wafanyakazi nimwache Njambi akae kwake na wenzake, ulimi utafunguka. Kwake! Anasokota katani pajani huku watoto wa watu wamemlalia kama vifaranga. Mimi nilifika darasa la nne. Nitamfunza mwenyewe. Ndani, mlango umefungwa. Kizungu.

Jumanne, 4 Machi
Nilimwonyesha picha ya tofaa. Hajawahi kuona tofaa. Mimi pia. Nikasema ile sentensi ya Kizungu ya kutaja jina mpaka koo likakauka. Kimya. Kichanga wangu akalia, nikamnyonyesha, nikasinzia kidogo. Kuamka, Njambi ameweka mdomo kwenye ufa wa ukuta wa mbao, upande wa Nduku. Nikauziba kwa gunia.

Alhamisi, 6 Machi
Gunia limetolewa. Nimegongomea ubao. Nduku akauliza kutoka kwake kama nahitaji nyundo kubwa zaidi. Madharau! Njambi alilia mpaka akalala. Nilimfuta makamasi, nikamkumbatia, nikamnong'oneza Kizungu sikioni. Labda kinaingia akilala.

Jumamosi, 8 Machi
Bedan amefika kutoka kiwandani Thika. Nikamwambia kesho binti yake ataongea kama mke wa DC. Akauliza mtoto huongea na nani mchana kutwa. Na mimi, nikamjibu.
"Mama Njambi," akasema, "wewe huongei naye. Unamhutubia."
Wanaume! Akakaa kula. Msumari mmoja wa ule ubao hauonekani.

Jumapili, 9 Machi
Gauni la buluu. Nywele nilichana mpaka machozi. Mwalimu akamwuliza jina kwa Kizungu. Kimya. Kwa Kiswahili, kwa Kikuyu. Kimya. Nikamfinya bega. Mwalimu akaanza kutafuta mtoto mwingine. Ndipo Nduku, akiwa kwenye benchi la nyuma, akamsalimu kwa Kikamba, akamwuliza yeye ni nani. Njambi akainua kichwa. Akataja jina lake, la baba yake, mbuzi wote wa Nduku, na kwamba mama yake hulala akifunza. Yote kwa Kikamba. Muthoka akatafsiri, na hakuna aliyemtuma. Kanisa likacheka.
Amepata nafasi. Mwalimu akauliza ni nani alimfunza kusema vizuri hivyo. Njambi akakimbia, akashika sketi ya Nduku.
"Mwaitu," akasema.
Wakamba humwita mama hivyo. Nduku akamgeuza polepole, akamwelekeza kwangu. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Njambi anaongea tangu asubuhi. Sielewi hata neno. Anamaliza, ananitazama, anangoja nijibu. Namwambia ndiyo. Anatikisa kichwa, anaanza upya.
Nduku amenikaribisha nikakae naye, nisokote katani. Anasema kabla ya mavuno ya kahawa nitakuwa nimeshika Kikamba. Nikamshukuru, nikakataa. Nimeazima kitabu cha nyimbo za Kikamba kanisani. Nitajifunza mwenyewe.
Njambi nimempeleka kwa Nduku, asinipigie kelele nikisoma. Ubao nimeongeza misumari. Mlango nimefunga. Ukurasa wa kwanza.