Sichelewi, Seva Ndiyo Inayowahi

Jumatatu, tarehe 14

Barua ya onyo la mwisho! Kwangu mimi! Mimi ambaye kwa miaka kumi na miwili nilikuwa fundi pekee wa kompyuta katika kiwanda hiki cha magodoro. Afisa Utumishi amenikabidhi mwenyewe, mbele ya mafundi cherehani, akasema nimechelewa mara tisa mwezi huu, na nikichelewa ya kumi, kazi sina. Nimemjibu kwamba mimi sichelewi, saa ndiyo inayowahi. Hakucheka. Sikuwa natania.

Ushahidi wake wote unatoka kwenye mashine ya kadi pale mlangoni. Mashine ya kadi haina saa yake, inaiuliza seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda. Na seva anaitunza nani? Basi.

Mchana nimejifungia chumba cha seva (zamani stoo ya sponji, bado kinanuka gundi). Mpango: kuingia BIOS, ile menyu ya ndani kabisa inayotokea kabla mashine haijaamka vizuri, na kuirudisha saa nyuma dakika arobaini. Kazi ndogo. Ila ukiwasha seva unapewa sekunde tatu tu za kubonyeza kitufe cha F2. Mara ya kwanza nimechelewa. Ya pili, nimechelewa tena. Kila jaribio seva inachukua dakika tisa kuwaka, na huko juu watu wa mauzo wanapiga kelele kwamba mfumo umekufa. Mara ya tano nimeipata. Sekunde tatu! Aliyepanga hivyo hana watoto wa kupeleka shule.

Jumanne, tarehe 15

Nimefika saa mbili na dakika thelathini na tano kwa saa za dunia. Kwa saa za seva, saa mbili kasoro dakika tano. Taa ya kijani! Nimepita kifua mbele.

Jioni mambo yameharibika kidogo. Mlango hauruhusu mtu kutoka mpaka seva iseme ni saa kumi na moja. Wafanyakazi mia mbili wamesimama pale dakika arobaini, mafundi cherehani mbele, na midomo wanayo. Dada Vyeti akatazama saa yake ya mkononi, akatazama mashine, akanitazama mimi. Huyu ni fundi mwenzangu wa kompyuta, ana miezi mitatu tu hapa, na vyeti vyake saba amevitundika juu ya meza yangu kwa sababu ukuta wa upande wake, eti, una unyevu. Akasema kesho asubuhi atairekebisha saa ya seva. Nimemwambia ni joto tu, saa zikipata joto huchoka. Akauliza hilo nimelisoma wapi.

Jumatano, tarehe 16

Sikubali kufa kikondoo. Nimemtangulia kwenye seva na leo F2 nimeipata mara ya tatu. Nimekwenda sehemu ya usalama na sikubakiza kitu. Neno la siri la msimamizi: nimeweka, herufi kumi na sita, gumu mpaka mwenyewe nikaliogopa. King'ora cha mfuniko, mtu akifungua mashine ipige kelele: nimewasha. Matundu yote ya USB: nimeyafunga, asije akachomeka chochote. Nikahifadhi. Nikajipongeza.

Seva ikawaka. Nikataka kuandika. Kimya.

Kibodi ni ya USB.

Neno la siri nalo silikumbuki vizuri baada ya herufi ya nne. Si kitu, hakuna kibodi ya kuliandikia.

Dada Vyeti amekuja, amebonyeza F2 mpaka kidole kikachoka, akauliza nani kafunga matundu. Nimemwambia huo unaitwa ulinzi, labda cheti cha nane kitamfundisha. Jioni watu mia mbili wamesimama tena mlangoni. Afisa Utumishi ametuagiza sote wawili saa iwe sawa kufikia kesho.

Nyumbani mke wangu amesema kwa nini nisiamke mapema tu, kama watu wengine, na kazi ikipotea yeye na watoto nitawaambia nini. Nimemweleza kwamba suala hili ni la kiufundi. Lakini amenichoma. Naogopa, nakiri hapa na hapa tu. Ila kusalimu amri mbele ya Dada Vyeti? Thubutu!

Alhamisi, tarehe 17

Dada Vyeti alitaka tufungue mashine pamoja, ila kwanza tusome kitabu chake cha maelekezo. Kitabu! Nimemsubiri aende kula, nikafungua mfuniko peke yangu. King'ora! Nilikuwa nimekisahau kabisa. Kiwanda kizima kimetoka mbio uani kwa mlango wa dharura wakidhani ni moto, mmoja kakumbatia godoro. Meneja alipoona watu wameshatoka na hawana moyo wa kurudi, akawaruhusu waende nyumbani. Hakuna aliyenishukuru.

Nikapiga moyo konde. Nimechomoa ile betri ya duara, ndogo kama kifungo cha koti, nikahesabu mpaka mia, nikairudisha. Mashine imesahau kila kitu: neno la siri, king'ora, matundu. Kibodi hai! Nimeondoka kwa mlango wa dharura, meno nje. Saa sikuiangalia, siku ilikuwa ndefu.

Ijumaa, tarehe 18

Saa mbili na dakika arobaini nimefika, nikakuta kiwanda kizima kiko nje. Watu mia mbili, Afisa Utumishi, na Meneja mwenyewe na tai yake. Kila kadi ikiguswa, taa nyekundu. Mashine inaandika kwamba mtu huyu bado hajaajiriwa.

Betri ilipotoka, seva ilirudi siku iliyotengenezwa, miaka kumi na miwili nyuma. Siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kadi, na wakongwe wenzangu wote wameshastaafu. Nikagusisha yangu. Kijani!

Nimeingia peke yangu, kiwanda chote changu. Mlango wa dharura unafunguka kwa ndani tu. Nimechemsha chai kwanza. Kisha nikasimama dirishani nikamweleza Afisa Utumishi, kupitia nondo, kwamba niko tayari kufungua, ila kuna barua fulani inanikosesha raha. Meneja akalegeza tai. Nikampitishia Afisa Utumishi barua na kalamu. Ameandika IMEFUTWA, na kalamu ikatoboa karatasi.

Dada Vyeti amerekebisha saa kwa dakika mbili, F2 mara ya kwanza. Majivuno tu. Halafu akanichapishia ripoti: leo nimefika kazini saa moja na nusu jioni, nimechelewa kwa saa kumi na moja na nusu, miaka kumi na miwili iliyopita. Nimesema hiyo ni kabla ya barua, haihesabiki.

Meneja ameamua: seva ni ya Dada Vyeti. Mashine ya kadi hawaiamini tena, mpaka ije mpya mahudhurio yataandikwa kwa mkono, mlangoni, na mwandishi ni mimi. Niwe pale saa moja kamili, kabla ya kila mtu. Akasema hii ndiyo ya mwisho kabisa, na safari hii hakuna barua ya kufuta.

Jumatatu, tarehe 21

Cheo kipya! Daftari halina F2, halina betri, na kalamu ninayo mimi.

Nimefika saa mbili na dakika ishirini. Watu mia mbili wamejipanga, maana Meneja aliagiza asiingie mtu bila kuandikwa, na mlinzi ni mtu wa kufuata maagizo. Nimeweka meza, nimefungua ukurasa, nimeanza na mimi mwenyewe: saa moja kamili. Kisha nikawaandika wengine, kila mmoja kwa saa aliyofika mbele ya meza yangu. Wote wamechelewa! Meneja dakika ishirini na tatu. Afisa Utumishi ishirini na sita. Dada Vyeti akadai alikuwepo tangu saa moja kasorobo. Nikamuuliza ana ushahidi gani, akanyoosha mkono kwa watu mia mbili. Nimeandika: arobaini.

Nimeshaanza kuziandaa barua zao za onyo. Sheria ni sheria.

Afisa Utumishi amepita akasema Meneja ananihitaji saa nane kamili, nisichelewe hata dakika moja, na niende na kadi yangu na funguo zangu zote. Ameongea kwa upole sana. Nadhani wanataka kuniomba radhi. Sasa ni saa nane na robo. Watasubiri, ngoja nimalize ukurasa huu kwanza.