Landikruza Kichwani

Ijumaa, 7 Machi 2014
Umma wote na utangaziwe: kuanzia leo mimi Dominiko, mlinzi wa geti la nyuma, ni mtunzi wa hadithi. Hadithi yenyewe bado. Dada Kwamboka, nesi wa Al Wakrah hapa Qatar na mhariri wa jarida la chama chetu cha Wakenya, kasema mwenye hadithi bora atapewa ukurasa wa mwisho. Tena atakaa naye kila Ijumaa kupanga jarida. Miaka miwili natafuta sababu ya kukaa karibu na mama huyu! Joram, mwenzangu wa chumba, anaandika pia. Joram! Barua yake ya likizo niliandika mimi.

Jumapili, 9 Machi
Mungu mkubwa. Sanduku nililorithi kwa babu limetandikwa magazeti ndani. Ya 1951, enzi za mkoloni. Msomaji mmoja analalamika vijana wa siku hizi hawasalimii wakubwa. Vijana hao ndio baba zetu, waliotuchapa kwa kutosalimia. Na kuna hadithi: karani aliyeringia baiskeli mpya mpaka mke akamkimbia.

Jumatano, 12 Machi
Nimenakili yote. Karani sasa ni dereva. Bwana DC, bosi wake mkoloni, ni meneja. Baiskeli ni Landikruza, kila mahali. Dakika ishirini tu. Joram kauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia kichwani.

Ijumaa, 14 Machi
Dada Kwamboka aliisoma mbele ya chama kizima.  Mke alipokimbia, watu wakaguna. Kisha dereva akafika mtoni, daraja limesombwa. Akavua viatu, akaibeba Landikruza kichwani, akavuka.

Joram akauliza, kwa adabu zote, kama ilikuwa na abiria.

Dada Kwamboka alicheka hadi machozi. Akayafuta. Akanigeukia.

“Mzee Dominiko, hii hadithi ni ya nani?”

Jumamosi, 15 Machi
Ukweli ni huu. Nilijibu ni yangu. Akauliza tena, taratibu. Nikakiri: sanduku. Akasema ningeleta gazeti lenyewe, ukurasa ungekuwa wangu kila mwezi, niwaeleze watu habari za zamani. Sasa ameupata Joram, kwa kisa cha kunguni wa chumba chetu. Kakitunga mwenyewe. Nami nimo: ndimi ninayekoroma.

Dada kaomba kuliazima sanduku. Nimelifungua nilipanguse. Chini kabisa kuna shairi la mapenzi, halina jina la mtunzi. Lina baiskeli.

Safari hii naweka pikipiki. Hiyo inabebeka.