Ukoo Wangu wa Kisiwani

Alhamisi, 4 Julai 2024. Mlandege, Iringa.
Nafasi imetokea! Kule Idodi, katikati ya mto, kuna kisiwa ambacho wanakijiji wamekitunza tangu enzi za mababu. Hapakatwi mti, hapaokotwi hata kijiti. Sasa wanatafuta mtu wa mjini wa kuwaongoza wageni. Junaid, jirani yangu muuza vitenge, naye anaitaka kazi. Junaid! Mtu anayeogopa kuku.
Sharti ni moja: ukivuka, unataja ukoo wako kwa sauti, ili waliozikwa kule wajue nani kaja. Junaid atasema babu yake alitoka Kilwa. Wangu pia alitoka Kilwa, ila mimi nina akili. Nitakuwa Mhehe, mwenyeji wa huku.

Jumamosi, 6 Julai. Kisiwani.
Subhanallah. Mikuyu minene, watu sita hawawezi kuukumbatia mmoja. Popo juu, hawahesabiki. Chini, vyungu vya tambiko vya zamani, vizima, hakuna aliyewahi kuvigusa. Machozi yakanilenga. Mimi!
Kisha nikatangaza: Bushiri, wa ukoo wa Mgandila. Mama Damari, msimamizi wa kisiwa, akapiga vigelegele. "Kumbe ni nyie! Tumewangoja tangu masika." Ni zamu ya ukoo wangu kung'oa magugu. Kisiwa kizima.
Mchana wakakaanga samaki. Nikaambiwa kwa ukoo wangu samaki ni mwiko. Junaid, aliyetaja Kilwa na kupokelewa kama mgeni, alikula hadi fungu langu.

Jumapili, 7 Julai.
Mgongo si wangu tena. Alfajiri furukombe alilia, ukungu ukaondoka majini, nikabaki nimeduwaa na magugu mkononi. Uzuri ule unatisha kidogo.
Wageni wa kwanza wakafika. Junaid, ndiye aliyepewa kazi, akawaonyesha mikuyu, popo, na mimi: mwenyeji anayetunza urithi wake. Wakanipiga picha.

Jumanne, 9 Julai.
Mama Damari kaniita pembeni. Alijua tangu mwanzo kuwa nadanganya; ukoo wa Mgandila ni wa kwao. Hana kinyongo. Jumamosi nitaje ukoo wa kweli, nitapokelewa kama mgeni, nitakula samaki, na nitaongoza wageni pamoja na Junaid. Nimeguswa sana. Nimeapa.

Jumamosi, 13 Julai.
Nimevuka. Uzuri ule tena. Nikafungua kinywa niseme Kilwa. Nikamwona Junaid kavaa kofia ya kuongozea wageni, kofia pana, mpya.
Nikasema: ukoo wa Kisonga!
Nilishaulizia habari zao, kwa tahadhari tu. Hawana zamu ya magugu. Samaki wanakula. Kazi yao ni kuwafukuza viboko wasikanyage makaburi, basi. Viboko wenyewe nimewaona asubuhi hii majini. Wanene vile, watamkimbiza nani?