Baiskeli Iliyovuliwa Kofia

Siku Mteremko alipoiona ile baiskeli ya injini, ilikuwa imezimika mbele ya studio ya picha, na mpiga picha alikuwa akiiporomoshea matusi ambayo kwa heshima ya wasomaji tutayaruka. Kisha akaipiga teke. Chuma hakikuumia. Mpiga picha ndiye aliyebaki akirukaruka kwa mguu mmoja.

Mteremko akasimama. Waliomwita jina hilo walikuwa na sababu: kila jambo kwake lilikuwa mteremko, kuanzia kutafuta kazi hadi kutunza ndoa. Ulimi wake ungeweza kumuuzia kinyozi nywele alizozinyoa mwenyewe asubuhi ile.

"Pole, kaka. Mgonjwa ana nini?"

"Ana ukaidi! Nimebadilisha plagi. Nimesafisha kabureta. Nimepaka tangi rangi mpya mpaka kwenye kifuniko. Inawaka vizuri, inanipeleka hadi kwenye mashine ya kusaga, inazima. Nikiisukuma hadi nyumbani nimelowa jasho, inawaka tena kama haikunikosea kitu!"

Injini yenyewe ilikuwa ndogo, kiasi cha kuku aliyenona, na ilikaa juu ya gurudumu la nyuma kama kuku anayeatamia. Haikuwa na mnyororo wake. Ilizungusha rola ya chuma, rola ikasugua tairi, tairi likaenda. Mpiga picha akafungua kifuniko cha tangi kuonyesha kwamba petroli ipo.

Fsss! Tangi likavuta pumzi.

Mpiga picha hakusikia, maana bado alikuwa anatukana. Mteremko alisikia. Huyu bwana alikuwa mvivu wa mikono tu. Masikio yake hayakujua likizo. Akakitazama kile kifuniko. Katikati yake palikuwa na tundu dogo la kuingiza hewa, na tundu lilikuwa limezibwa na ile rangi mpya. Toboa kopo la maziwa tundu moja tu uone kama yatamiminika. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inakabwa koo.

Mtu mwema angesema. Mteremko naye alisema, ila alisema hivi: "Kaka, hii imeshakufa. Nipe nikauze vyuma chakavu, nikuondolee aibu mlangoni."

Kabla ya adhuhuri baiskeli ilikuwa yake, kwa bei ya jozi ya viatu, tena viatu vya mitumba.

Hapa lazima tueleze jambo moja ambalo kwa Mteremko halikuwa mteremko hata kidogo. Mkewe alikuwa fundi wa kushona nguo, na alipokwenda kumuuguza mama yake, Mteremko aliiuza cherehani yake kwa mama mwenye duka la vitambaa. Fedha zilikwenda wapi? Muulizeni upepo. Habari za namna hiyo hazihitaji nauli, zikamfikia mke huko huko, naye akatuma ujumbe: "Narudi Jumamosi. Nikiikuta cherehani mezani, nimerudi nyumbani. Nisipoikuta, nimekuja kuchukua sufuria zangu."

Tumtendee haki: Mteremko alimpenda mkewe. Alipenda pia chakula cha mkewe, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikikinunua. Lakini mama wa vitambaa alitaka bei ya kutisha kuirudisha. Ndipo baiskeli ikapewa kazi.

Wa kwanza alikuwa mwenye bucha, aliyedhani anamdhulumu Mteremko kwa kuinunua rahisi. Akaondoka akicheka, injini ikiimba pa-pa-pa. Ilipofika kwenye mashine ya kusaga ikakohoa, ikanyamaza. Na ni nani aliyekuwa amekaa pale kwenye ngazi, kwa bahati tu, anakula njugu?

"Mwizi wewe!" alifoka mwenye bucha.

"Mwizi angekusubiri, ndugu yangu? Hebu tuone."

Mteremko akavua kofia. Akaiweka juu ya tangi taratibu, kama mtu anayefunika kifaranga, akainama na kuinong'oneza injini maneno matamu, yale ambayo mtu humwambia mama mkwe aliyenuna. Chini ya kofia, vidole vyake vililegeza kifuniko. Fsss ilifunikwa na kikohozi cha heshima. Akainua kofia, akakanyaga pedali, injini ikawaka.

"Umeona? Imenizoea mimi. Kwako ina kinyongo, na itakuaibisha mbele ya wateja. Mimi si mtu mbaya. Nirudishie kwa nusu ya bei."

Mwenye bucha akairudisha. Aliyefuata ni kinyozi, naye akafika hadi kwenye mashine ya kusaga, naye akashuhudia kofia ikivuliwa, naye akarudisha kwa nusu. Mteremko alianza kutembea kama mwenye hisa mjini.

Ijumaa, mama wa vitambaa akamjia mwenyewe.

"Shemeji, fedha zako sizitaki. Nataka usafiri. Nipe baiskeli, chukua cherehani."

Moyo wa Mteremko ukaruka sarakasi. Cherehani leo, na kesho baiskeli ingezimika, arudishiwe kwa bei ya huruma!

"Lakini nasikia huwa inazima," akasema mama.

"Ina haya kidogo kwa wageni."

"Na nasikia ikizima unaivulia kofia."

"Adabu tu, mama."

"Adabu ni kitu kizuri," alisema mama wa vitambaa, akaitazama ile kofia kichwani mwake kwa muda mrefu kuliko kofia ya kawaida inavyostahili.

Jumamosi mke akaingia na kikapu chake, akaikuta cherehani mezani imefutwa vumbi. Akalipapasa gurudumu lake. Akamtazama mumewe.

"Umeirudisha kweli."

"Nimeirudisha, mke wangu."

"Basi kaa tule."

Mwenye akili angekaa. Chakula alichokuja nacho kikapuni kilikuwa kinanukia, mke ametabasamu, na kiti kilikuwa tupu. Lakini kutoka upande wa duka la vitambaa ilisikika pa-pa-pa, na tamaa ikamshika Mteremko sikio.

"Anza tu, mke wangu. Kuna mgonjwa ananisubiri kwenye mashine ya kusaga."

Akaenda, akakaa kwenye ngazi, akajipangia uso wa msiba. Kinyozi na mwenye bucha walikuwa pale na magunia yao wakingoja zamu. Pa-pa-pa ikasikika mbali, ikanyamaza karibu na nyumba yake, ikaanza tena. Ikasogea. Ikatokea kwenye kona.

Aliyeiendesha alikuwa mkewe. Mbele, kwenye kibebeo, cherehani imefungwa kwa kamba. Mgongoni, mtumba wa vitambaa.

"Mke wangu! Unakwenda wapi?"

"Kazini! Mimi na shoga yangu tumeingia ubia. Yeye vitambaa, mimi mikono, baiskeli miguu. Nitawashonea watu milangoni kwao."

"Lakini... haizimi?"

"Tulilizibua tundu kwa sindano."

"Nani amewaambia habari za tundu?"

"Wewe! Siku ya harusi yetu hukuvua kofia. Msibani kwa baba yako hukuvua kofia. Niliposikia umeivua kwa ajili ya baiskeli, nikajua si adabu, ni maficho. Nikamwambia shoga yangu aitake baiskeli, kisha atazame palipokuwa panafunikwa."

Kinyozi alicheka mpaka akalazimika kukalia gunia la mwenye bucha.

Mteremko akaona mwanga mmoja wa matumaini: mkewe alikuwa ameshaipita mashine bila kusimama, mlima ulikuwa umeanza, mzigo ulikuwa mzito, na rola ilikuwa inateleza juu ya tairi ikipiga kelele bila kwenda. Baiskeli ikapunguza mwendo. Mteremko akaikimbilia.

"Afadhali umekuja," mkewe alisema bila kugeuka. "Sukuma!"

"Lakini mke wangu, tuzungumze kwanza kuhusu haki ya..."

"Sukuma, mwanamume!"

Akasukuma. Wapo wanaume waliozoea kutii amri hiyo kabla ya kuifikiria, na Mteremko, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa mmoja wao. Alisukuma ile mali iliyomponyoka hadi juu kabisa, ulimi nje. Pale juu rola ikashika tairi, baiskeli ikaruka kama mbuzi, ikamwachia moshi wa petroli na oili usoni.

"Chakula kiko jikoni!" mkewe alipaza sauti akitokomea. "Ukimaliza, vyombo ni vyako!"

Mteremko akashuka mlima polepole, uso mweusi tititi. Kinyozi alikuwa bado anajifuta machozi.

"Vipi, bwana? Imezima?"

"Haijazima," Mteremko alisema, akakaa kwenye ngazi. "Ndiyo taabu yenyewe."