Salamu za Mwana wa Mama Hazina

Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti cha mlango wa nyuma, na wa pili ulikuwa njiani, mama mwenye nyumba aliposikia bawaba zinalia.

"We Mtaalamu! Unakwenda wapi na begi?"

"Nakwenda kuchukua kodi yako, mama."

"Na begi la nini?"

"La kuitilia."

Mama alisimama afikiri kidogo, na kidogo hicho kilimtosha Mtaalamu kufika kona.

Ndani ya begi mlikuwa na shati, kitana, na kamera ya video aliyopewa na mpiga picha wa harusi badala ya ujira, kila mmoja akiamini kamlaghai mwenzake. Ilikuwa kamera kuukuu ya kushika mkononi, na matumbo yake yalikufa zamani. Ila taa nyekundu ya mbele iliwaka. Mtu mwerevu hahitaji zaidi ya taa.

Mbele ya kanisa aliwakuta waumini wametoka ibadani, wanabishana. Wenye watoto ng'ambo walitaka ibada irushwe mtandaoni, kama lifanyavyo kanisa la mtaa wa pili. Mkono wa mchungaji ulikuwa unanyoosha tai, na macho yake yalikuwa yameshafika ng'ambo. Mtaalamu aliyaona macho yale, akajua amefika kazini.

"Bwana asifiwe, baba mchungaji! Mimi ndiye mliyekuwa mkimwomba."

"Wewe nani?"

"Mtaalamu wa kurusha."

Jumapili iliyofuata kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu, waya umeitoka tumboni hadi dirishani, ukafungwa kwenye nondo. Waya ule haukwenda popote zaidi ya hapo, lakini ulifungwa kwa ustadi mkubwa. Mchungaji alihubiri akiitazama taa, waumini akawaachia sikio la kushoto. Watu waliokaa viti vya nyuma maisha yao yote walihamia mbele, baadhi na miwani ya jua.

Mzee mmoja alichomoa simu. "Mbona mimi sioni kitu humu?"

"Mzee wangu, jicho lako unaliona?"

"Hapana."

"Lakini linaona?"

"Linaona."

"Basi. Aliyemo ndani ya picha hawezi kuiona picha."

Mzee aliirudisha simu mfukoni, akawaelimisha na wenzake.

Kisha zikaja salamu. Mtaalamu aliinua simu yake, iliyokuwa haina hata chaji, akasoma: binti wa fundi cherehani anawasalimu sana, shemeji wa mwenye duka analia kwa furaha. Majina hayo aliyaokota getini asubuhi, maana watu wakisubiri ibada huwa hawasemi jambo jingine ila ndugu zao. Na watoto wa ng'ambo walipopiga simu kusema hawajaona hata unyayo wa mchungaji, alikuwa na jibu. Mawimbi yanaishia njiani. Linatakiwa dishi. Na bei ya dishi, kwa maajabu yake Mola, ililingana sawasawa na mfuko wa paa.

Maana paa lilivuja. Fedha za mabati zilikuwa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo ulikuwa kifuani kwa mtunza hazina, mama mfupi mwenye sauti ya filimbi, ambaye wote walimwita Mama Hazina.

"Mama, dunia nzima inatungoja," Mchungaji alimbembeleza.

"Na mvua nayo itangoja?"

"Paa ni letu sisi wachache. Dishi ni la mataifa."

"Mataifa hayalowi humu, baba. Ninayelowa ni mimi."

Ufunguo haukutoka. Mtaalamu akaona kwamba dawa ya mama ni mwana. Kila mtu alimwita Mama. Kilichomponza ni kutouliza mama wa nani.

Jumapili iliyofuata aliinua simu juu kama anayepunga bendera. "Salamu maalumu! Kutoka ng'ambo, kutoka kwa mwana wa Mama Hazina! Anasema: Mama, nakuona, ila kwa ukungu. Toa hizo fedha wanunue dishi, na mimi naahidi kuliezeka kanisa zima kwa mabati mapya!"

Wazee walitazamana. Walimjua mama huyo tangu usichana wake. Hakuwahi kuzaa hata mara moja. Mchungaji, aliyehamia juzijuzi, alipiga makofi. Mama Hazina alisimama taratibu, akapiga kigelegele kilichotikisa vioo.

"Mwanangu! Kumbe yu hai!"

"Yu hai na mnene," alisema Mtaalamu.

"Na mabati kaahidi?"

"Kaahidi!"

"Umesikia wewe mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu haya!"

"Na unatamka mbele ya kanisa?"

"Mbele ya mataifa, mama!"

"Amina," alisema Mama Hazina. "Wazee, fungeni mlango."

Kanisa lile lilikuwa limechoshwa zamani na watu wanaoahidi kwa niaba ya wajomba matajiri. Likaweka sheria: ahadi ya asiyekuwepo inabebwa na mdomo ulioileta, na mdomo huo hautoki bila kuacha rehani. Aliyelelewa humo aliijua. Ndiyo maana hapakuwahi kusomwa salamu zenye ahadi. Mtaalamu hakulelewa humo.

Wazee wawili walikuwa wameshaikumbatia kamera.

"Mama, si mimi! Ni mwanao!"

"Basi mpigie."

"Mtandao umekatika."

"Mara hii? Si ulikuwa kwa mataifa sasa hivi?"

Kicheko kikapita viti vyote. Mtaalamu akapima. Akisema mwana yupo, anadaiwa mabati. Akisema hayupo, anadaiwa na polisi. Akachagua mabati.

Kamera iliuzwa kwa fundi redio, ikatoa mbao na misumari. Mabati yalinunuliwa kwa fedha za paa, kama ilivyokusudiwa. Mtaalamu aliilipa ahadi kwa nyundo, bila ujira, hadi bati la mwisho, kisha akahama mji. Fundi wa paa aliyemsimamia anasema angeanza mapema angekuwa mzuri. Wenye watoto ng'ambo wanapigiana simu kama zamani. Mchungaji amerudi kuwatazama waumini, isipokuwa akijisahau. Kila Jumapili humuuliza Mama Hazina hali ya mwanawe, naye humjibu kwamba hajambo.