Boga la Ukumbini

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima wa huku kwetu Hayes, ughaibuni, nikiwa nimevaa aproni mpya niliyoinunua makusudi nionekane mtu wa kazi zake.

Nianze mwanzo.

Mtaa wetu una kamati. Mwenyekiti ni Mama Wanjiku, nesi, Mkenya, mwanamke akikwambia kaa unajikuta umeshakaa. Mwaka huu kamati iliona hivi: Wahindi wana Diwali, watu wa kanisa wana shukrani ya mavuno, watoto wana maboga yao ya kuchonga meno, na ukumbi ni mmoja. Basi tufanye sherehe moja ya vuli, tule pamoja. (Vuli ya kwetu Tanga ni mvua. Ya huku ni majani kuanguka, halafu mvua.) Chakula kisiwe na nyama kabisa, ili kila mtu ale kila kitu bila kuulizana maswali.

Nani atapika? Nikanyoosha mkono. Sijui nilipatwa na nini. Kazi yangu mimi ni kwenye jiko kubwa karibu na uwanja wa ndege, napanga mikate na siagi kwenye trei za abiria. Kupika kwenyewe napikia nyumbani, na ndugu wakija. Lakini siku nyingi nina hamu ya kuwa mpishi wa shughuli, yule anayetafutwa watu wakiwa na harusi. Na Mama Hansa alikuwa pale kikaoni. Mama Hansa ndiye anayepanga Diwali ya ukoo wao, na ukoo wenyewe ukitoka wote unajaza basi la ghorofa. Nikasema moyoni, huyu akionja mkono wangu mara moja tu, nimetoka.

Nikawatajia vyakula: sambusa za viazi na njegere, mahamri, kachumbari, na mkuu wa sufuria zote, boga la nazi lenye iliki. "Boga ndiyo vuli yenyewe," nikawaambia kwa sauti ya kitaalamu. Wakaitikia kwa vichwa.

Boga nikaliagiza kwenye duka linalouza vyakula vya kwetu. Mwenye duka akaahidi ataliacha mlangoni leo asubuhi, akipita na gari lake.

Leo asubuhi nashuka ngazi, namkuta mume wangu Abdala anavua viatu. Ametoka shifti ya ghalani, macho mekundu, anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Nikamuuliza kama kuna kitu mlangoni.

"Kuna boga," akasema. "La ukumbini."

Akapanda kulala. Hayo ndiyo maneno yote. Nawaomba myashike vizuri, kwa sababu mpaka sasa hivi yeye anasema alieleza kila kitu.

Nikafungua mlango. Wallahi nilirudi nyuma. Boga lilikuwa kubwa kama mtoto wa shule ya vidudu aliyejikunyata. Rangi ya chungwa, limefutwa vumbi, halina doa hata moja. Na lilikuwa limefungwa utepe mwekundu wenye fundo la ua. Mtu mwenye akili angejiuliza: mwenye duka gani anafunga boga utepe? (Na huyu ni yule ambaye hata mfuko wa plastiki anakunyima.) Mimi nikasema, haya ndiyo malipo ya kuwa mteja mwaminifu.

Kulikata ilikuwa vita. Kisu kiliingia kikagoma kutoka. Nikachukua mchi, nikagongea kisu juu yake kama fundi seremala, mpaka jirani wa ukuta wa pili akagonga naye. Lilipopasuka, ndani lilikuwa na nyama nzito ya manjano, tamu hata bila moto. Nikalipika na tui jepesi, mwisho nikamimina tui zito, iliki, sukari kiasi, chumvi kidogo tu. Sufuria ya kwanza ikajaa, nikatafuta ya pili. Nyumba nzima ikanukia. Ule utepe niliona ni dhambi kuutupa, nikafungia kapu la mahamri. Kapu likapendeza kama la bi harusi.

Ukumbini nimefika mapema. Meza zote zilikuwa zimepangwa pembeni, isipokuwa moja tu, katikati kabisa, imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Juu yake kulikuwa na mizani ya kujipimia, ile ya bafuni. Nikaona, kumbe wamenitengea meza ya heshima. Mizani nikaiteremsha chini, nikaisukuma kando kwa mguu, na sufuria zangu mbili nikaziweka pale kwenye kitambaa cheupe.

Watu wakaingia. Akina mama wa Kigujarati na sari zao chini ya makoti mazito, akina mama wa kanisa na vilemba, watoto waliojipaka uso mweupe wa mizimu. Wakala, nami nikazunguka na upawa wangu nikijidai kupunguza foleni.

Wa kwanza kwenye boga alikuwa Mzee Kanti, mume wa Mama Hansa. Mzee Kanti alizaliwa Moshi, akaja huku kijana, na Kiswahili chake bado ni kile cha dukani kwa baba yake. Ana kishamba cha kukodi nyuma ya reli, na tangu astaafu huko ndiko anakoshinda.

"Zuhura, hii tamu sana," akaniambia. "Boga kama hii wewe napata wapi?"

"Siri ya mpishi, Mzee," nikamjibu.

(Siri ya mpishi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.)

Akarudi mara ya pili. Ya tatu akaja na sahani ya mkewe, akajaza, akala mwenyewe njiani. Mama Hansa alikuwa ananitazama kwa mbali, anatikisa kichwa taratibu, ile ya kukubali. Hapo mimi nimeshajiona na gari lenye jina langu ubavuni.

Ndipo Mama Wanjiku akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, tumekula na tumeshukuru. Sasa tunaingia kwa mashindano. Kama mnavyojua, Mzee Kanti amelima boga tangu mwezi wa tano, na leo tunakisia uzito wake. Mshindi anaenda nalo nyumbani. Zuhura, tuletee boga."

Nikageuka nyuma nione kama kuna Zuhura mwingine.

"Boga gani?" nikauliza. Hayo mashindano ndiyo kwanza nayasikia.

"Boga yangu," akasema Mzee Kanti, kijiko mkononi. "Asubuhi nimeweka kwa mlango yako, sababu wewe iko na gari. Nimeambia Abdala, hii ya ukumbini, ya mashindano. Nimefunga na utepe."

Simu ikatikisika mfukoni mwa aproni. Mwenye duka: samahani dada, gari limeniharibikia, boga lako nalileta kesho.

"Utepe mwekundu?" nikauliza.

Ukumbi wote ulikuwa unatazama kapu la mahamri.

Mzee Kanti naye akalitazama kapu. Akatazama sufuria mbili juu ya meza ya mashindano. Kisha akatazama sahani yake. Kilichokuwa mdomoni akakitafuna polepole, akakimeza, kama mtu anayemsindikiza mgeni kituoni.

Mama Wanjiku, kwa wema wake, akanisogezea kipaza sauti nijieleze. Nilikuwa nimepanga maneno marefu ya adabu. Likatoka moja tu.

"Nimelipika."

Walisikia waliokuwa jikoni. Walisikia waliokuwa nje wanavuta sigara. Mtoto mmoja wa mizimu akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama huyu mama ameiba, na mama yake akamziba mdomo badala ya kukanusha.

Nikaanza kuomba radhi. Nilianza kwa Kiswahili, nikahamia Kiingereza, nikaishia kwenye Kidigo cha bibi yangu ambacho hata sikijui sawasawa. Nilikuwa nafikiria huyu mzee na ndoo yake ya maji, kiangazi chote, na mimi na mchi wangu.

Mzee Kanti akaweka sahani mezani.

"Miezi yote mimi namwagilia," akasema. "Baridi ikikuja, mimi nafunika na blanketi."

"Blanketi yangu mimi," akasema Mama Hansa kutoka kitini kwake. "Mimi nalala na koti."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Mwingine akamfuata. Mzee Kanti mwenyewe alijitahidi kubaki na huzuni, akashindwa, mabega yakaanza kumcheza.

"Sasa nalia nini?" akasema. "Boga hii ingekwenda kwa ngazi ya mtu, pambo ya mlango tu, ioze, mvua inyeshe juu yake. Mimi nimekula sahani tatu. Boga bado ipo, iko hapa." Akajipiga tumboni. Akavua viatu, akaivuta ile mizani, akapanda juu yake akiwa amefumba macho. "Pimeni mimi."

Na mashindano yakaendelea, mshindaniwa akiwa Mzee Kanti. Watu walikisia kwa bidii kuliko ambavyo wangelikisia boga. Vijana wakamzunguka kama wanunuzi wa ng'ombe. Mama Wanjiku akataja kilo zake kwa uhakika wa nesi, akakosea. Mama Hansa hakunyanyuka hata kwenye kiti. Alitaja namba moja tu, huku anakula hamri. Mama Wanjiku akainama akasoma: ndiyo hiyo hiyo.

Mzee Kanti alikasirikia hilo kuliko boga. "Mimi nimeambia daktari namba nyingine," akalalamika, akatafuta viatu vyake.

Zawadi ikawa kilichobaki kwenye sufuria. Nilimpelekea Mama Hansa mwenyewe, kichwa chini. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Diwali yetu utapika wewe," akasema. "Hii boga, na sambusa pia. Lakini vitu mimi naleta mwenyewe, mkononi kwako. Nitasema, hii ya kupika, hii ya kutazama."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nikaosha vyombo, nikampakia Mzee Kanti garini, tukapitia mlangoni kwangu kuchukua ndoo ya maganda aliyoiomba kwa ajili ya mbolea yake, nikamfikisha mlangoni kwake. Njia nzima alikuwa ananieleza mbegu za mwakani atazipanda wapi, na kwamba mwakani atalima mawili, moja la mashindano na moja la kwangu.

Kwa hiyo kazi niliyoitaka nimeipata, kwa njia ambayo wateja wangu wajao hawahitaji kuijua. Nimerudi nyumbani nimemkuta Abdala ameamka, nikamsimulia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si nilikwambia ni la ukumbini?"

Sasa nawaomba msicheke kwa sauti. Yuko hapa sebuleni, na akijua ana watetezi sitaweza kukaa naye.